Matone Chini ya Bawa

Siku aliyozikwa baba yangu, mimi nilikuwa nimekaa katika ukumbi wa abiria wa uwanja mmoja wa ndege wa Kanda ya Ziwa, nikimtazama kupitia kioo fundi mmoja kijana akifuta chini ya bawa la ndege kwa kitambaa. Nilikuwa nimekwenda huko kutahini wanafunzi wa uzamili. Dada yangu alinipigia simu alfajiri, adhana ikiwa imemalizika punde tu, akasema neno moja, "Baba," nami nikaelewa. Kwa desturi yetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Hata hivyo ndugu zangu, kwa kunihurumia, waliyasogeza maziko kutoka Adhuhuri hadi Alasiri. Ndege ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Kwa hesabu hiyo muda ulitosha na kubaki.

Tulikwisha kupanda, tukafunga mikanda, na mlango ukafungwa. Kisha ukafunguliwa tena. Mhudumu akatuomba tushuke kwa utaratibu kwa kuwa kulikuwa na jambo dogo la kiufundi. Tulishuka tukinung'unika. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Ilipofika saa nne na nusu yule fundi aliingia ukumbini kuzungumza na wenzake wa kaunta, nami nikainuka kumkabili.

"Kijana, ndege hii ina tatizo gani?"

"Shikamoo, mzee. Mafuta yanavuja chini ya bawa la kushoto. Tunapima tujue kama inaruhusiwa kuruka hivyo ilivyo."

"Yanavuja kiasi gani?"

"Ni matone, mzee."

"Matone!" nilipaza sauti ili ukumbi mzima usikie. "Watu wote hawa wamekaa hapa kwa sababu ya matone? Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, na baba yangu ni maiti ananingoja Dar es Salaam. Wewe umesoma wapi?"

Ndugu msomaji, naona haya kuyaandika maneno hayo, hususan lile swali la mwisho. Abiria wenzangu walinishangilia. Mmoja alisema kuwa nchi hii inarudishwa nyuma na watu wadogo wenye mihuri. Kijana yule alisubiri kelele zitulie, akasema kwa sauti ya chini:

"Pole sana kwa msiba, mzee wangu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini karatasi ya ndege hii inangoja saini yangu, na bado sijaona cha kunifanya niitie saini."

Akarudi nje. Nikabaki kiooni nikimwangalia. Alipafuta mahali palipolowa hadi pakakauka, akapapaka unga mwekundu, akatazama saa yake, akasimama. Kwangu mimi, kule kusimama ndiko kulikokuwa dhihaka kubwa kuliko zote: mtu mzima amesimama chini ya bawa, hafanyi lolote, ilhali kaburi la baba yangu linachimbwa. Baada ya muda aliinama, akapima kwa rula, akaandika, akafuta tena, akaanza upya.

Ndege iliondoka saa tisa kasorobo. Nilipofika Temeke niliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, miguu yao ina mchanga. Kaka yangu alinishika mkono akanipeleka huko huko walikotoka. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikaomba dua peke yangu, mahali ambapo ningepaswa kuwa nimesimama safu ya mbele.

Kwa siku arobaini nilimchukia kijana yule. Nilitunga kichwani barua ya malalamiko, kila siku nikiongeza aya. Mwishowe, kwa kuwa sikutaka kuandika nikiwa mjinga wa jambo nilalolilalamikia, nilianza kusoma kuhusu mafuta yanayovuja katika ndege. Ndipo barua ile ilipokufa mikononi mwangu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni maana ya kule kusimama. Mafundi wa ndege hawasemi tu kwamba mafuta yanavuja. Wanayaweka katika madaraja. Kuna doa, kuna unyevu unaojitokeza polepole, kuna unyevu mzito, na kuna mafuta yanayotiririka. Ili kujua daraja, fundi hupakausha mahali penyewe, hupaka unga wa talki uliotiwa rangi ambao hubadilika unapoguswa na mafuta, kisha hungoja kwa muda uliowekwa na mwongozo wa ndege hiyo na kupima jinsi doa lilivyotanuka. Daraja la uvujaji, pamoja na mahali ulipo, ndivyo vinavyoamua: ndege iruke na kuangaliwa tena baadaye, au itengenezwe kabla ya kuondoka. Matone nje ya bawa, penye hewa, si sawa na matone hayo hayo karibu na injini au nyaya za umeme. Kijana yule alikuwa akifanya kazi nzito kuliko zote siku ile, yaani kungoja jibu badala ya kulikisia.

Jambo la pili ni kisa cha Naha. Tarehe 20 Agosti 2007, ndege ya China Airlines aina ya Boeing 737-800 iliyotoka Taipei ilitua salama Naha, katika kisiwa cha Okinawa, Japani. Ilikwenda hadi maegeshoni, ikasimama. Safari ilikuwa imekwisha, na abiria wengine bila shaka walikuwa wakiwaza mizigo yao. Watu wa chini wakaona mafuta yanamwagika kutoka bawa la kulia, moto ukawaka, na muda mfupi baadaye ndege ikalipuka. Watu wote 165 waliokuwamo walitoka hai. Marubani walitokea kwenye madirisha ya chumba chao.

Chanzo kilikuwa boliti moja. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la ndege ile kuna vibawa vinavyochomoza wakati wa kupaa na kutua, kisha hurudishwa ndani. Vibawa hivyo huteleza kwa reli, na baadhi ya reli hizo, zinaporudi, ncha zake huingia katika vikebe vilivyotokeza ndani ya tangi la mafuta. Boliti iliyokaa mwishoni mwa reli mojawapo ilichomoka ikaangukia ndani ya kikebe. Ndege ilipotua na vibawa kurudishwa, reli iliisukuma boliti ile ikatoboa ukuta wa kikebe, na mafuta yakapata njia.

Wachunguzi wa Japani walipofuatilia boliti ile ilichomokaje, walifika kwenye washa moja. Kitundu cha reli kilikuwa kikubwa kuliko nati, hivyo washa ndiyo iliyoizuia nati isipenye. Ilielekea kwamba washa hiyo ilianguka, au haikurudishwa, katika kazi ya matengenezo iliyofanyika mwezi Julai mwaka huo huo. Na kazi hiyo ilikuwa ya nini? Mtengenezaji wa ndege alikuwa amewaandikia mashirika kuwaonya kwamba nati za mahali hapo huweza kulegea, akawashauri wazikaze. Mafundi walikwenda kuzuia hatari, na katika kuizuia wakaacha nyingine nyuma yao, mahali finyu ambapo jicho halifiki kwa urahisi.

Siku tano baada ya moto huo, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi FAA, ilitoa agizo la dharura: ndege za Boeing 737 za kizazi hicho zikaguliwe ndani ya siku 24. Ukaguzi wa mwanzo ulipofichua sehemu zilizolegea katika ndege nyingine, muda ukapunguzwa kuwa siku 10. Ndege zile zilikuwa zikiruka kila siku, zikiwa na marubani hodari na abiria waliolalamikia ucheleweshaji kama nilivyolalamika mimi.

Kisa cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi, kwa sababu ndani yake nilijiona. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti 2001, ndege ya Air Transat aina ya Airbus A330 iliondoka Toronto kwenda Lisbon ikiwa na watu 306. Siku chache kabla, injini yake ya kulia ilikuwa imebadilishwa. Injini iliyowekwa ilikuwa ya toleo la zamani kidogo, na bomba moja la haidroliki lilichanganywa na sehemu ya toleo jingine, likakaa karibu mno na bomba la mafuta. Fundi kiongozi aliona kwamba mambo hayalingani. Alitafuta waraka wa mtengenezaji unaoeleza tofauti hizo, lakini kompyuta haikumfungulia. Muda ulikuwa unakwenda na ndege ilikuwa ikisubiriwa. Kazi ikamalizwa bila waraka ule.

Juu ya Atlantiki mabomba yale mawili yalisuguana hadi la mafuta likapasuka. Marubani walipoona mafuta ya upande mmoja yanapungua, mwanzoni hawakuamini vipimo vyao, wakafungua vali na kuyaruhusu mafuta ya upande mzima yaende upande unaovuja. Injini zote mbili zikazimika. Kwa takriban dakika 19 ndege ile kubwa ilielea bila injini, hadi ikatua Lajes, katika visiwa vya Azores. Hakuna aliyekufa, na watu wamewasifu marubani wale kwa haki. Mimi humfikiria zaidi yule fundi na ule waraka usiofunguka. Ni nani aliyekuwa nyuma yake akiuliza ndege itatoka saa ngapi? Huenda alikuwa mtu mwenye cheo, mwenye sababu nzuri, na mwenye sauti kubwa kama yangu.

Baada ya visa hivyo nikageukia hati ambazo watu wa kawaida hawazisomi: mapendekezo ya ukaguzi. Hatari isipokuwa ya dharura, FAA haiamki asubuhi na kuamuru. Huchapisha kwanza pendekezo katika gazeti rasmi la serikali. Pendekezo hueleza aina ya ndege, kasoro iliyoonekana, na kinachoweza kutokea isiposhughulikiwa. Katika mapendekezo yahusuyo mafuta, maneno ni yale yale kila mara, makavu kama ripoti ya hesabu: mafuta yaliyovuja yakikutana na cheche, matokeo ni moto au mlipuko. Kisha huja jedwali la gharama, likionyesha ni ndege ngapi zinahusika, saa ngapi za kazi kwa kila ndege, na dola ngapi kwa saa. Umma hupewa muda, aghalabu siku 45, wa kutoa maoni. Mashirika ya ndege huandika kuomba muda mrefu zaidi, vyama vya marubani huandika kuunga mkono, na mtu yeyote aweza kuandika. Agizo la mwisho linapotoka, mamlaka hulazimika kueleza iliyapokeaje maoni hayo, kwa nini imekubali hili na kukataa lile.

Wala hayo si mambo ya Marekani peke yake. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944 na kiambatisho chake cha 8, nchi iliyobuni ndege huwapa taarifa za usalama nchi zilizosajili ndege za aina hiyo, nazo huzifanyia kazi. Ndiyo maana kasoro iliyogunduliwa Okinawa au Seattle humfikia fundi aliye chini ya bawa huku kwetu, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na shirika linaloirusha ndege. Kijana niliyemuuliza amesoma wapi alikuwa mwisho wa mnyororo huo mrefu. Saini yake hutegemea leseni yenye jina lake mwenyewe, na ndege ikianguka, huulizwa yeye.

Nimeyatazama majedwali yale ya gharama kwa muda mrefu. Yana safu ya saa za kazi, safu ya vipuri, na jumla ya dola. Hayana safu ya mtu aliyekosa maziko ya baba yake. Silaumu, safu hiyo haiandikiki. Lakini ipo, na mimi nimo ndani yake. Hapo ndipo ugumu wa usalama wa umma ulipo. Anayelipa gharama yake anajulikana kwa jina: huyu kachelewa maziko, yule kakosa mtihani, mwingine kapoteza biashara. Anayefaidika hajulikani, hata yeye mwenyewe hajijui, kwa kuwa ajali isiyotokea haina manusura. Sitaki kudai kwamba ndege ile ingeanguka. Huenda ingefika salama, nami ningeshika jeneza. Kwa moyo wa mwana, hiyo ndiyo hesabu ninayoirudia usiku. Lakini fundi hakuwa na haki ya kuifanya hesabu hiyo kwa niaba ya abiria wote, wala mimi sikuwa nayo.

Nilipolieleza jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "wewe unasifu ukaguzi kwa sababu umesoma habari za Japani. Mama yangu ana mgahawa. Wakaguzi wanaokuja kwake hawafuti wala hawapimi. Wanatafuta chai." Darasa likacheka, nami nikakubali kwamba ana hoja. Watu wengi wa nchi hii wamejifunza kuuchukia ukaguzi kutokana na wakaguzi wenyewe. Kosa linalokwisha kwa noti iliyokunjwa halikuwa kosa, au kama lilikuwa, limebaki palepale likingoja watu. Na Naha inatufundisha kuwa hata mkono mwaminifu huweza kuacha kasoro nyuma yake. Ukaguzi si hirizi.

Nilimjibu hivi, na bado sijapata jibu bora. Ukaguzi wa kweli hutambulikana kwa mambo machache. Sababu yake imeandikwa na inaweza kuulizwa. Unamhusu kila mwenye kitu cha aina ile, awe mkubwa awe mdogo. Kipimo chake ni kimoja leo na kesho. Una muda wa kutosha na mwanga wa kutosha. Na zaidi ya yote, una majibu mawili: waweza kusema "simama," na waweza kusema "nenda." Mkaguzi asiyeweza kusema "nenda" bila kupewa kitu ni mnyang'anyi. Asiyeweza kusema "simama" mkubwa anapongoja ni pambo la ofisi.

Hili la pili nawaelekezea ninyi, wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma. Mnajua simu ile inayopigwa. "Hilo jambo lako linakwamisha mradi." "Mheshimiwa anauliza kwa nini haijasainiwa." Katika ofisi zetu neno kukwamisha limekuwa shutuma inayoweza kumhamisha mtu kituo, na wengi wamejifunza kutia saini kwanza na kuomba Mungu baadaye. Twazungumza sana juu ya kuwaadhibu waliozembea baada ya maafa. Ni mara chache twazungumza juu ya kumlinda aliyesimamisha kitu, kisha kitu hicho kikaonekana kizima. Mtumishi aliyesimamisha bure mara tisa kwa kufuata kipimo lazima awe na amani ya kusimamisha mara ya kumi. Tukimwadhibu kwa zile tisa, hiyo ya kumi itapita.

Sijasema bado baba yangu alifanya kazi gani. Alikuwa mfanyakazi wa reli, Tanga. Treni iliposimama stesheni, yeye alipita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu. Utotoni nilikuwa nikimpelekea chakula, na nakumbuka abiria wakichungulia madirishani wakimtania: mzee huyu anagonga nini, twende zetu. Hakuwahi kuwajibu. Alipofika mwisho wa mabehewa aliinua mkono, na treni ikaondoka.

Usiku wa khitma kaka yangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia kwa hasira yaliyonipata uwanjani, aliniuliza polepole, "Sasa, bwana, baba angemgombeza nani siku ile? Yule fundi au wewe?" Sikumjibu usiku ule, na hata hivyo niliendelea kumchukia kijana yule kwa wiki kadhaa. Elimu yangu ilihitaji kupitia Okinawa na Azores ndipo inirudishe kwenye stesheni ya utotoni mwangu.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena kutahini katika mji ule ule. Nilimuulizia kijana yule kaunta. Wakaniambia amehamia kituo kingine. Nikaacha barua ya ukurasa mmoja. Sikuandika maelezo marefu. Nilitaja tarehe, nikataja bawa la kushoto, nikaomba radhi kwa swali lile la umesoma wapi, na nikamshukuru kwa kungoja. Sijajibiwa, na si lazima nijibiwe.

Ila ombi langu kwenu lipo. Siku mtakaposhushwa ndegeni, au basi likazuiwa mizanini, au kibali kikacheleweshwa na mtu anayesema bado sijaona, ulizeni sababu, kwa kuwa ni haki yenu kuijua. Mkishapewa sababu iliyo na kipimo, kaeni chini. Na kama mna maziko, ombeni ndugu zenu wawaombee dua hadi mfike.